Kamba ya Katani: Baba Zetu Katika Bonde la Kabaw, 1944

(Hotuba niliyoitoa Tanga, Siku ya Mashujaa, mbele ya familia za askari wa zamani, walimu na wanafunzi wa sekondari. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mgeni rasmi, wazee wangu mlioketi mstari wa mbele, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zangu wote nawaamkia, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya askari wetu waliopigana ng'ambo. Mimi mwenyewe sikuwahi kushika bunduki. Nilishika chaki kwa miaka 34, nikifundisha historia. Lakini nimezaliwa na kulelewa na Mkeya, yaani askari wa lile jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, ambalo ndimi za babu zenu zililifupisha likawa Keya. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa miguu katika batalioni moja ya Tanganyika, na mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipigana na Wajapani katika misitu ya Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya ubao nikiandika Poland, Stalingrad na Hiroshima, kisha jioni nikarudi nyumbani kula sahani moja na mtu aliyekuwemo katika vita hiyo hiyo, nami nisimuulize hata swali moja. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Baba alianza kusema akiwa amekwisha kuvuka miaka sabini, tena alisema kwa vipande, na mara nyingi ni usiku wa mvua. Vipande hivyo ndivyo ninavyowaletea leo.

Wanafunzi wangu, nawauliza: Mzigua wa Muheza alikuwa na ugomvi gani na Mjapani? Hakuwa na ugomvi naye wowote. Hakuwa amewahi kumwona. Basi alifikaje Burma?

Jibu liko hapa hapa Tanga, mashambani. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mapema mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteza sehemu kubwa ya nyuzi za kusokotea kamba, na vita bila kamba haiendi: meli zinahitaji kamba, mizigo inahitaji kamba, mahema yanahitaji kamba. Macho yakageukia mkonge wetu. Serikali ya kikoloni ikaanza kuandikisha watu kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baba alisema hivi, nami nayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Niliwekewa njia mbili, kukata mkonge kwa amri ya jumbe au kuvaa kofia ya Keya kwa mguu wangu mwenyewe. Kwenye mkonge nilikuwa nimeshamwona kaka yangu. Nikachukua kofia." Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na mahari ya kulipa. Wengine walikwenda kwa kupenda sare, wengine kwa kupenda posho, wengine majina yao yalipelekwa na machifu bila wao kuulizwa. Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare katika vita hiyo, na ukiwajumlisha na wenzao wa Kenya, Uganda na Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wanapita laki tatu.

Kabla ya vita kulikuwa na bahari. Sisi watu wa pwani hudhani tunaijua bahari, lakini askari hawa waliijua kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Moja ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa rejimenti ya 301, wanamaji, na wauguzi wanawake. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora ya majini. Meli ile ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Hebu hesabuni kimoyomoyo dakika mbili: mtu aliyekuwa amelala sitaha ya chini hakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Na hayo si mwisho wake. Wachache walioruka walikuwa wakielea, wameshikilia mbao, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari za Kiingereza zilizoulinda msafara zilikuwa na jukumu la kuzilinda meli nyingine nne zilizobaki. Zikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji pale pale palipokuwa na watu. Nyambizi ilizamishwa. Kati ya watu wote wale wa Khedive Ismail waliokolewa 214 tu, na 1,297 walikufa. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na sijaweza kumhukumu nahodha aliyetoa amri ile, wala sijaweza kuisoma bila kufunga kitabu kwa muda.

Baba alikuwa ametangulia kwa meli nyingine. Lakini kati ya wale askari wa mizinga alikuwamo kijana wa Pangani aliyesoma naye darasa moja. Nilipokuwa mtoto, kila tulipovuka kwa kivuko cha Pangani, baba hakuketi. Alisimama ukingoni, viatu mkononi, akiyatazama maji mpaka tugote ng'ambo. Nilidhani ni desturi ya wazee. Nilikuja kuelewa nikiwa nami nina watoto.

Sasa tuingie Burma yenyewe.

Mwezi wa Machi 1944 jeshi la Japani lilivuka mto Chindwin likaingia India, likaizingira miji ya Imphal na Kohima. Kufikia Julai lilikuwa limeshindwa, na zaidi ya nusu ya askari wake wapatao 85,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au ni wagonjwa. Waliobaki walirudi nyuma kwa miguu, katika mvua za msimu. Nani awafuate? Hapo ndipo ilipopelekwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Jenerali Fowkes, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndani yake walikuwamo Wanyamwezi, Wahehe, Wakamba, Wanandi, Waacholi, Wayao, na wengi wengine, wote wakizungumza Kiswahili cha jeshi. Njia waliyopewa ni bonde la Kabaw, na wenyewe Waingereza walikuwa wakiliita Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria yake.

Mji wa kwanza kuufikia uliitwa Tamu. Ndiyo, wanafunzi, Tamu. Baba alisema jina lile lilipopita mstarini kutoka kombania hadi kombania, askari walifurahi kama watoto, wakaimba, wakasema leo tunakwenda kula asali. Harufu ya Tamu ikawafikia kabla hawajauona mji wenyewe. Wajapani waliokufa walikuwa wamelala ndani ya nyumba, chini ya nyumba, kando ya malori yaliyoachwa, wengine wameketi wameegemea nguzo. Baba alimkuta mmoja angali akipumua, kijana wa rika lake, miguu imevimba, na mkebe wake wa chakula una majani ya kuchemsha na maji. Hakumpiga risasi. Alimwita mtu wa huduma ya kwanza, na alipogeuka yule kijana alikuwa amekwisha kukata roho. Tangu siku ile, baba alisema, hakuna aliyeimba tena. Na maisha yake yote, jamani, baba yangu hakuwahi kulitamka neno hilo. Chai yenye sukari aliisema "imekolea." Embe bivu alilisema "zuri." Mama alidhani ni mtu mwenye maneno ya pekee.

Kutoka Tamu walishuka na bonde kuelekea kusini, Agosti, Septemba, Oktoba, na mvua haikukata. Magari yalizama mpaka mhimili. Walikata miti na kuipanga barabarani ili lori lipite, na lori la tatu likikanyaga, miti inazama, wanaanza upya. Pale ambapo gari halikupita alipita nyumbu, na pale ambapo nyumbu alishindwa, mzigo ulipanda kichwani mwa askari. Chakula kilidondoshwa na ndege aina ya Dakota: vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miamvuli, magunia yaliachiliwa hivi hivi, na gunia linaloanguka kutoka angani likimkuta mtu halimbakizi. Siku ambazo mawingu yalifunika vilima, ndege haikuja, na njaa ikaja badala yake. Ruba waliingia kwenye tundu za kamba za viatu. Kila jioni mlipanga mstari, mnapewa kidonge cha njano cha malaria, kichungu kuliko mwarobaini, na afisa anakutazama mpaka umeze na ufungue kinywa. Msidhani ulikuwa ukali wa bure. Jenerali Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14 lote la Waingereza huko Burma, ameandika kwamba alipolipokea jeshi hilo mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa majeraha, askari 120 waliondolewa kwa maradhi. Mbu alikuwa adui mkubwa kuliko Mjapani, na utitiri wa majanini ulileta homa nyingine iliyoua upesi zaidi.

Na Mjapani je? Mjapani aliyekuwa akirudi nyuma aliacha watu wachache wa kuziba njia. Walichimba mashimo chini ya mizizi ya misaji na katikati ya mianzi, wakayafunika vizuri hata ungeweza kusimama juu yake usijue. Hawakuwa na chakula, lakini risasi walikuwa nazo. Kuondoa watu kumi katika kilima kimoja kuliweza kuchukua siku nzima, na asubuhi kilima cha pili kinawangoja.

Wanaume mliomo humu, hasa vijana, nisikilizeni hapa. Nilimuuliza baba, "Mara ya kwanza mlipopanda kilima, ulikuwa na ujasiri?" Akaniambia, "Nilijikojolea. Mvua ilinisitiri." Alisema bila kunikwepa macho. Akaongeza kwamba alipotazama kulia na kushoto aliona nyuso za wenzake, akajua mvua ilikuwa inawasitiri wengi. Kisha filimbi ikapigwa, wakapanda, singe mbele. Wakapanda, nasema. Na kesho yake wakapanda tena.

Lakini alichokiogopa zaidi ni usiku. Kanuni ilikuwa moja: usitoke shimoni, usiseme, usifyatue. Atembeaye usiku ni adui. Wajapani walijua hivyo, wakawa wanagonga mianzi, wanarusha mawe, wanaita kwa sauti gizani, ili askari mmoja tu aingiwe na hofu, afyatue, na mwanga wa bunduki uwaonyeshe mahali pa kutupa bomu. Basi watazungumzaje watu walio katika mashimo mbalimbali, mvua inanyesha, hawaonani wala hawaruhusiwi kutoa sauti? Walifungana kamba. Kamba nyembamba, kutoka kifundo cha mkono wa mtu wa shimo hili hadi kifundo cha mtu wa shimo la jirani. Ukivuta mara moja, maana yake nipo. Mara mbili, kuna kitu. Mara tatu, zamu yako. Na kamba yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ya katani. Baba aliinusa akaitambua, kwa sababu mkonge ukilowa una harufu ambayo mtoto wa Muheza haisahau. Alikimbia mkonge, na mkonge ukamfuata ukamfunga mkono Burma.

Mtu wa shimo la kushoto alikuwa Mnyamwezi kutoka Nzega, mshika bunduki ya rashasha iitwayo Bren. Wazee mnajua kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Tangu Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, walikofanyia mazoezi, hawa wawili walikuwa wakitukanana kutwa kwa haki ya utani, na hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Huyu Mtani, na yule Mtani. Usiku mmoja wa Oktoba mabomu ya mkono yalitupwa mara mbili, mbele kidogo ya mashimo yao. Baada ya moshi, baba akavuta kamba mara moja. Ikamjibu mara moja: nipo. Akatulia. Kabla ya alfajiri akavuta tena, kamba ikawa nzito, haikujibu. Akavuta tena. Akavuta tena. Alikatazwa kutoka, akakaa na ile kamba mkononi mpaka kulipopambazuka. Kipande cha chuma kilikuwa kimempata Mtani chini ya taya, na alikuwa amejiziba kwa kitambaa cha kichwani ili asitoe sauti.

Kila mtu humu anajua kazi ya mtani msibani. Mtani ndiye anayeingia kaburini, mtani ndiye anayezuia jeneza mpaka alipwe, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Baba alimfunga mwenzake ndani ya turubai lake la mvua, akashuka kaburini yeye mwenyewe, akampokea. Alijaribu kusema neno la utani kama ilivyo haki. Aliniambia, "Mdomo ulifunguka, neno halikutoka. Nina deni lake mpaka leo." Alikufa akiwa na deni hilo, mwaka 2001.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Divisheni iliendelea, Mawlaik na Kalemyo zikachukuliwa mwezi wa Novemba, na mwanzoni mwa Desemba 1944 askari wa Afrika Mashariki wakaingia Kalewa, penye mto Chindwin. Wahandisi wakajenga daraja la vyuma la futi 1,154, ambalo wakati huo hapakuwa na refu kuliko hilo la aina yake duniani. Majeshi mengine yalivuka juu yake kwenda Mandalay na Rangoon, na miji hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Waliofungua njia kwa miezi minne ya matope walirudishwa India kupumzika.

Walirudi nyumbani na nini? Nyaraka zilizotangazwa miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Baba alipata fedha za kulipa nusu ya mahari, koti, na kikohozi. Wako waliorudi na fikra mpya. Waruhiu Itote wa Kenya alikuwa koplo wa Keya huko Burma, na miaka michache baadaye akaingia msituni akiitwa Jenerali China. Kwetu, ndugu wawili wa Dar es Salaam, Abdulwahid na Ally Sykes, walivaa sare hiyo hiyo wakafika Burma, na mwaka 1954 walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Hao tunawajua, na tunafanya vyema kuwataja.

Na wasio na fikra za siasa, waliotaka tu kulala? Masika yalipoingia baba hakulala ndani. Aliketi barazani, mgongo ukutani, usiku kucha. Majirani walisema ana mashetani, akapungiwa, akachanjwa, akanyweshwa dawa. Leo tunalo neno kiwewe, na wako madaktari wanaolishughulikia. Wakati ule hapakuwa na neno. Nilipokuwa na miaka kumi hivi alinichukua kwenda Longuza, ambako misaji, au mitiki kama wengi mnavyoiita, ilikuwa bado michanga. Akachuma jani dogo, akalifikicha, akanifungulia kiganja. Kilikuwa chekundu. Jani changa la msaji ndivyo lilivyo, linatoa rangi ya damu. Akasema, "Huko yalikuwa marefu kupita minazi." Akafuta mkono kwenye suruali, tukaondoka. Hayo ndiyo yote niliyoyasikia kuhusu Burma katika utoto wangu wote.

Karibu na Yangon, ndiyo ile Rangoon ya zamani, mahali panapoitwa Taukkyan, pako makaburi 6,374 ya vita, na kuta zenye majina karibu 27,000 ya waliokufa Burma bila kaburi lijulikanalo, majina ya Waafrika yakiwemo. Huko majina yameandikwa. Hapa kwetu, wale waliorudi wakafa vitandani mwao, nani amewaandika? Cheti cha baba nilikikuta kimetobolewa na mchwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga za mama. Namba yake ya jeshi ilikuwa bado inasomeka. Nawaomba, kabla mchwa hawajamaliza, fungueni masanduku. Ulizeni shangazi zenu. Andikeni batalioni, andikeni mwaka, andikeni hata jina la utani la chifu aliyempeleka.

Pale mlangoni nimeweka daftari kubwa na kalamu mbili. Mstari wa kwanza nimemwandika baba yangu, jina lake na namba yake. Mstari wa pili nimeandika: Mtani, mshika Bren, kutoka Nzega, Oktoba 1944. Nafasi ya jina nimeiacha wazi, na kama yumo humu mtu mwenye ndugu Nzega ambaye babu yake hakurudi kutoka Burma, namwomba aje anione kabla hajaondoka.